Nimelipa 25,000 taarifa yetu iende kwa media na hakuna hata simu moja imelia, nakosea wapi?

Fundi_wa_Vifaranga

Wadau habari za jioni. Niko na karakana ndogo hapa Kariobangi Light Industries, tuko watu saba, tunatengeneza mashine za kuangulia vifaranga, zile wengine huita inkubeta, kutoka ya mayai 60 mpaka ya 500. Miaka yote tumeuza kwa mdomo tu, mtu anaambia jirani jirani anaambia shemeji, na kusema ukweli hatujalala njaa. Lakini mwaka huu tumetoa mashine mpya iko na betri ndani, stima ikipotea inashikilia joto masaa nane, na nikaona hii sasa ni kitu inafaa kuingia kwa gazeti.

Nikapata jamaa mtandaoni akaniambia yeye hupeleka taarifa kwa vyombo vya habari "zaidi ya 300" kwa elfu ishirini na tano. Nikamtumia. Baada ya wiki akaniletea PDF imejaa linki, nikakaa chini na chai nikaanza kufungua moja moja. Moja ni ya hali ya hewa ya mji fulani Marekani, ingine ni ya bei za hisa, ingine haifunguki kabisa. Stori yetu iko huko chini imebandikwa bila picha na hakuna hata moja ya Kenya. Hata mama yangu hakuiona na yeye huwa anaona kila kitu.

Nikasema wacha nijitume mwenyewe. Nikatuma kwa zile imeili za jumla za magazeti matatu na stesheni mbili za TV. Wiki ya tatu hii, kimya kama makaburi ya Lang'ata.

Mwanzo wa taarifa yenyewe ni huu, mniambie bila huruma:

"KAMPUNI INAYOONGOZA YAZINDUA SULUHISHO LA KISASA. Kampuni yetu, ambayo ni kinara katika sekta ya ufugaji wa kisasa, ina furaha kubwa kutangaza uzinduzi wa suluhisho bunifu na la kipekee litakaloleta mapinduzi katika mnyororo wa thamani nchini na kanda nzima ya Afrika Mashariki. 'Tuna furaha isiyo na kifani kuzindua bidhaa hii,' alisema Mkurugenzi Mkuu."

Sasa nauliza, hizi taarifa bado zinafanya kazi ama ni vitu vya makampuni ya Upper Hill? Na kuna jirani hapa karakana ya mlango wa pili ananiambia bila bahasha hakuna stori inatoka Nairobi hii, hiyo ni kweli?

Mhariri_Mstaafu

Fundi, pole kwa hizo pesa. Nimekaa dawati la habari karibu miaka ishirini, gazeti sitataja, na nakuambia taarifa yako ilikufa mapema kuliko unavyodhani. Ilikufa kwenye kichwa cha imeili.

Asubuhi mhariri anafungua kompyuta anakuta benki imemwandikia, wizara, kaunti mbili tatu, shirika fulani linalaani jambo fulani, mtu anazindua kitabu, mtu anakana kitu ambacho hakuna aliyemuuliza. Bado kidogo aingie kwa mkutano wa wahariri na anatafuta kitu cha kusema humo ndani, kitu anaweza kukitoa kwa pumzi moja mbele ya watu ambao hawajanywa chai. Anasoma kichwa tu. Chako kinasema kampuni inayoongoza. Inaongoza nani, kwenda wapi? Suluhisho la kisasa, la nini? Hiyo inaweza kuwa dawa ya meno.

Halafu nimesoma aya yako mara mbili natafuta yai. Hakuna yai. Hakuna kifaranga, hakuna stima, hakuna bei, Kariobangi yenyewe haipo. Lakini huku juu ukitueleza sisi, bila kujikaza, umeandika "stima ikipotea inashikilia joto masaa nane", na hiyo ndiyo stori. Sisi umetupa stori, waandishi ukawapa mapambo.

Wewe unajua kunishinda kwamba yai la kuku linakaa kwa mashine siku 21 kwa joto la karibu digrii 37.5. Sasa fikiria mama amepanga mayai yake, amengoja siku 17, anahesabu siku kwa kalenda ya ukutani, halafu stima inaenda saa tatu usiku inarudi kumekucha. Huyo mama ndiye unafungua naye taarifa. Mkurugenzi Mkuu atakuja aya ya tatu, akipata nafasi.

Aya ya kwanza iwe hivi, mahali nimeacha wazi jaza ukweli, mimi siwezi kukutungia:

"Mfugaji wa ........ aliyepoteza mayai ........ stima ilipokatika usiku mmoja mwezi wa ........ sasa anaangua vifaranga kwa mashine iliyoundwa Kariobangi ambayo hushikilia joto kwa saa ........ bila umeme. Mashine ya mayai 60 inauzwa shilingi ........"

Ukimaliza hapo, aya ya pili inafanyaje kazi, kwa lugha ya mtu ambaye hajasoma uinjinia. Ya tatu maneno yako. Ya nne mahali inapatikana na ni ngapi mmeshauza. Mwisho kabisa mistari mitatu ya kampuni ni nani, ilianza lini, wako wangapi, na namba ya simu ya mtu ambaye ATASHIKA. Ukurasa mmoja. Mhariri hukata kutoka chini kwenda juu nafasi ikiwa ndogo, kwa hivyo kitu cha maana ukikiweka chini umekipeleka kwa makasi mwenyewe.

Na hayo maneno ya "furaha isiyo na kifani". Bana. Hakuna binadamu ameyasema hayo akiwa karakana ameshika bisibisi. Sema kitu ambacho ripota hawezi kukisema bila wewe. Kwa nini uliamua kuweka betri? Nani alikulilia? Ile ya kwanza iliungua ama ilikataa kuwaka?

Swali la mwisho na usikasirike, maana ripota mzuri atakuuliza kabla hajakaa: hayo masaa nane ulipima wewe, ama ndivyo imeandikwa kwa boksi ya betri?

Dada_wa_Mawasiliano

Mzee hapo juu amemaliza mambo ya kuandika, mimi wacha niguse kupeleka kwa sababu hapo ndipo ulikuliwa.

Kwanza hizo linki za PDF. Huyo jamaa huenda hakukuibia kwa maana ya kisheria, aliiweka kwa mtambo mmoja ambao unajinakili kwa websaiti zingine bila mtu yeyote kusoma, ni mashine inaandikia mashine. Kuna huduma za kweli za kusambaza, PR Newswire iko tangu 1954, Business Wire tangu 1961, na huku kwetu Afrika kuna APO Group, na hizo zina kazi yake, kama uko kwa soko la hisa na lazima habari ifikie kila mtu kwa wakati mmoja, ama unafungua biashara nchi kumi kwa siku moja. Wewe unauza inkubeta Kariobangi, na mteja wako wa mbali sana labda yuko Bungoma.

Na kama alikuambia hizo linki zitakupandisha kwa Google, hapana. Tangu 2013 Google walisema wazi linki zilizopangwa ndani ya taarifa za habari kwa maneno ya kutafutwa wanaziweka kwa kundi la ujanja, hazikuongezei kitu.

Kitu unafaa kufanya haina raha na haina mkato. Nunua magazeti ya wiki mbili, ama ingia maktaba usome bure, na uandike majina ya watu wenye wameandika habari za kuku, kilimo na biashara ndogo. Majina, si gazeti. Angalia kurasa za kilimo, Seeds of Gold kwa Saturday Nation, Smart Harvest ya Standard, Akilimali ya Taifa Leo. Ukimaliza utakuwa na watu kama kumi na wawili. Hao ndio "300" zako. Sasa kila mmoja mwandikie peke yake, mistari miwili ya kuonyesha umesoma kazi yake, halafu taarifa iko hapo hapo chini ndani ya imeili. Usiiweke PDF, mwandishi yuko kwa matatu anasoma na simu bundles zimebaki kidogo na hataki kufungua faili la mtu hamjui. Usiwaweke wote kumi na wawili kwa imeili moja wakaonana, hiyo ni kama kutongoza wasichana wa ploti moja kwa grupu ya WhatsApp.

Picha ni nusu ya vita. Mfugaji na mashine, mchana, vifaranga waonekane, mtu asisimame kama anapigwa ya kitambulisho. Ukubwa wake kamili, usiipitishe WhatsApp inaifinya. Andika chini ni nani, yuko wapi na lini. NA UPATE RUHUSA YAKE KWA MAANDISHI, tuko na sheria ya kulinda data ya 2019 na mwaka 2023 Kamishna wa Data alipiga klabu moja hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Hiyo ni inkubeta ngapi?

Wakati nao. Kurasa za kilimo za Jumamosi hufungwa mapema kwa wiki, ukituma Alhamisi jioni umetuma ya wiki ijayo. Siku ya bajeti mwezi wa sita usijaribu, hata ukiwa umegundua kuku wa miguu minne. Baada ya kutuma ngoja siku mbili, piga simu mara moja, uliza kama kuna kitu wanahitaji kuongezewa. Usiulize "mlipata imeili yangu?", wanaichukia hiyo kuliko foleni ya Thika Road.

Halafu kitu moja ya kuwapa moyo watu wa karakana: hii kazi yetu ya kuandikia waandishi taarifa wengi husema ilianza na ajali. Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini karibu na Atlantic City, watu zaidi ya 50 wakafa, na jamaa anaitwa Ivy Lee badala ya kuficha vile reli zilikuwa zimezoea akawaandikia waandishi kile kilitokea, na New York Times ikachapa karibu neno kwa neno. Alikuwa na habari na akaitoa. Hakuandika ati kampuni ina furaha.

Kamukunji_Original

Mnaongea vizuri sana lakini mmeruka swali la mwisho, swali la bahasha, na mnajua mmeruka.

Mimi natengeneza majiko. Mwaka fulani tulizindua jiko la makaa ya vumbi, tukaita watu, tukapika pilau, waandishi wakaja sita. Wawili sijawahi kujua ni wa wapi, kamera hawana kalamu hawana, lakini sahani walikuwa nayo. Mwisho mmoja akanivuta kando akaniambia "mkubwa, tumetoka mbali, tusaidie na ya fare". Nikatoa elfu mbili mbili. Yaani nikalipa fare ya watu kutoka tao mpaka Kamukunji mahali mtu anatembea kwa mguu. Stori ilitoka? Haikutoka. Ile ya yule mmoja hakuuliza kitu ndiyo ilitoka, tena kidogo, kwa websaiti, jina la jiko wakakosea.

Kwa hivyo fundi bahasha iko, usidanganywe, lakini haifanyi kazi pia. Ni kama kununua simu pale River Road usiku.

Mhariri_Mstaafu

Kamukunji, sikuruka, nilikuwa naogopa nitaandika mpaka asubuhi.

Iko, ndiyo. Wengi wa wale wa pilau hawana ajira, wanalipwa kwa stori ikitoka, na wengine hata si waandishi, ni wa kuzunguka hoteli wakitafuta mikutano yenye chakula. Hiyo haiwapi haki, naeleza tu. Kanuni za maadili za uandishi ambazo ziko chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinakataza mwandishi kupokea zawadi ama pesa ya kugeuza stori, na ukiombwa, unaweza kulalamika kwa baraza hilo. Lakini sababu kubwa ya kutotoa ni ile umesema mwenyewe. Ripota hana kurasa. Ukurasa ni wa mhariri, na mhariri hajui habari ya elfu mbili yako.

Njia mbili za halali zipo na watu huzichanganya. Ukitaka kununua nafasi, nenda dawati la matangazo, ulipe, upewe risiti ya eTIMS, ile ya ushuru, na itaandikwa kwamba ni tangazo. Ukitaka stori, leta habari. Ukilipia stori iandikwe kama habari umenunua kitu ambacho msomaji akigundua kinakugeukia.

Na usiitishe mkutano wa wanahabari, fundi. Mashine moja haitoshi watu wakae foleni ya Jogoo Road. Mwalike mtu mmoja aje karakana aone mayai yakipasuka siku ya 21. Ukishampa tarehe ya kifaranga kutoka, hakuna mpiga picha atakataa.

Kitu kimoja nilisahau jana. Taarifa nzuri wakati mwingine inangoja siku yake. Unakumbuka Ijumaa ile Agosti 25, 2023, stima ikapotea karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA abiria wakakaa gizani? Kesho yake kila dawati la habari Nairobi lilikuwa linatafuta mtu wa kusema giza lilimfanyia nini. Mtu wa vifaranga angekuwa dhahabu. Hutaki giza lirudi, hakuna anayetaka, lakini stima itapotea tena siku moja, na siku hiyo uwe na aya nne tayari kwenye simu, picha tayari, mfugaji tayari ameshakubali kuongea. Unatuma ndani ya saa moja. Ukituma baada ya siku tatu watu wameshahamia kwa jambo lingine.

Mama_Mayai_Ruai

Samahani naingilia kama mteja sio kama mtaalamu. Mimi niko na mashine ya mayai 300, si ya huyu fundi, na nataka niwaambie nilinunua aje. Sikusoma gazeti popote. Gazeti mimi nafungia nalo mayai.

Nilikuwa nakamua saa kumi na moja asubuhi nikasikia kwa redio, kwa lugha yetu, mwanamke wa Murang'a anaeleza vile alianza na mayai thelathini, akataja mpaka makosa alifanya, ati alikuwa anasahau kuweka maji vifaranga vinakwama kwa ganda. Nikasema huyu hanidanganyi. Nikaweka ndoo chini nikatafuta kalamu. Mpaka leo sijui kampuni iliyopeleka hiyo stori iliandika taarifa ama ilipiga simu, lakini yule mama ndiye aliniuzia.

Kwa hivyo fundi, magazeti ni sawa, utaweka kwa ukuta wa ofisi wateja wakikuja waone. Lakini watu wanunuaji wako Inooro, Kameme, Ramogi, Mulembe, Radio Citizen, Radio Jambo. Redio hawataki ukurasa mmoja, wanataka mtu anaweza kuongea. Tafuta mteja wako mmoja Kisii, mmoja Kakamega, mmoja Murang'a, kila mmoja ajue kueleza kwa lugha yake, na uandikie mtayarishaji wa kipindi cha wakulima mistari mitano, mwisho useme "yuko tayari kuongea moja kwa moja Jumanne, namba yake ni hii".

Na Kenya News Agency mmewasahau, hao wa serikali. Wako kila kaunti na wanapenda stori za wakulima. Dada yangu alipigwa picha na mbuzi wake hapo.

Dada_wa_Mawasiliano

Mama Mayai wewe unafaa kulipwa, si mimi. Na ni kweli kabisa, huwa tunakimbilia magazeti kwa sababu bosi anataka kuona jina lake kwa karatasi. Nimewahi kuwa na mteja alitoka kwa gazeti la biashara ukurasa mzima, akapigiwa simu nne, tatu zilikuwa za watu wanamuuzia bima.

Fundi kuongezea tu, fanya mbili. Moja Kiswahili, moja Kingereza, na usitafsiri, andika kila moja upya. Taifa Leo na redio ukiwapelekea ya Kingereza unawapa kazi ya kutafsiri na mwenzako aliyepeleka ya Kiswahili ataingia mbele yako.

Fundi_wa_Vifaranga

Wadau, samahani nimepotea wiki mbili. Nilikuwa naona majibu lakini Mhariri aliniuliza lile swali la masaa nane na likaninyima usingizi, hii si kusema tu, sikulala kweli.

Kwa sababu ukweli ni ule alishuku. Ilikuwa ya boksi. Fundi wangu mmoja alipiga hesabu akasema nane, tukaandika nane. Nikasema sawa, wacha tupime. Tukajaza mashine zote mbili mayai, tukazima stima saa mbili usiku, nikakaa na kipimajoto na thamosi ya chai na daftari. Ya mayai 60 ilifika masaa nane na dakika kumi kabla kushuka chini ya digrii 37. Nikafurahi, nikapigia mke wangu usiku. Ile ya 500 ikaanguka masaa matano na nusu. Tukarudia usiku wa pili, vile vile. Sasa hebu fikiria hiyo stori ingetoka na "masaa nane", mtu anunue ya 500, stima ipotee masaa saba. Saa hii tumeanza kuongeza betri ya pili kwa ile kubwa, bei itapanda kidogo, na taarifa itasema ukweli wa kila moja.

Halafu nilipigia wateja simu, kitu sikuwa nimefanya tangu tuanze. Nikapata mama wa Githunguri alipoteza mayai 212 usiku mmoja mwezi wa Aprili, na ile mashine ya zamani ilikuwa ya KWANGU. Hakuwahi kuniambia. Ati aliona aibu kunisumbua. Nikamwuliza kama anaweza kusema hivyo kwa mwandishi, na mashine itajwe ni yangu, akacheka akasema "wewe ndiye utaona aibu, si mimi". Amekubali, amesaini na karatasi ya picha. Jina lake siliweki hapa kwa sababu ni mtandao, kwa taarifa liko.

Hii ndiyo aya mpya, kichwa cha imeili ni "Githunguri: Mayai 212 yaliharibika usiku mmoja, fundi aliyeuza mashine akarudi kuirekebisha":

"Mfugaji wa Githunguri aliyepoteza mayai 212 stima ilipokatika usiku mmoja mwezi Aprili sasa anaangua vifaranga kwa mashine yenye betri iliyoundwa na fundi yule yule aliyemuuzia ile ya kwanza. Katika majaribio ya usiku mbili karakanani Kariobangi, mashine ya mayai 60 ilishikilia joto kwa saa nane bila umeme, na ya mayai 500 kwa saa tano na nusu. 'Nilidhani kazi yangu inaisha nikipakia mashine kwa pikapu,' anasema mtengenezaji. 'Sikuwa nimewahi kuuliza usiku kunaendaje.'"

Hayo maneno ya kunukuu ni yangu ya kweli, nilimwambia mke wangu hivyo ile usiku ya pili, yeye ndiye alisema niyaandike.

Nimeandikia watu kumi na mmoja, mmoja mmoja, jana asubuhi Jumatatu. Redio tatu. Yule wa Kenya News Agency wa Kiambu tayari amejibu anataka kuenda Githunguri Alhamisi, na vifaranga vya huyo mama vinatoka Ijumaa nikamwomba asogeze siku moja. Lakini wengine bado kimya, na mmoja wa gazeti amejibu neno moja tu: "Namba?" Sijaelewa anataka namba gani, ya mauzo ama ya nini.

Kamukunji_Original

Ya mauzo labda. Ama ya M-Pesa 😂

Mhariri_Mstaafu

Kamukunji wacha ujinga.

Fundi, sasa hiyo ni stori, tena umejisema mwenyewe bila kushikwa shati, ningeiweka ukurasa wa tatu na picha kubwa. Lakini bandika hapa mwisho wa hiyo imeili, ile mistari mitatu ya kampuni, tuone.

Fundi_wa_Vifaranga

Hii hapa:

"Karakana ilianza 2016 Kariobangi Light Industries, Nairobi, na ina wafanyakazi saba. Hutengeneza na kurekebisha mashine za kuangulia za mayai 60 hadi 500. Kwa maelezo zaidi wasiliana nasi."

Dada_wa_Mawasiliano

Wasiliana nasi na nini, njiwa?

Fundi_wa_Vifaranga

Woi. Woi jameni. Natuma sasa hivi.